Sifael Alivyowapa Vyura Sauti

Ukifika Marangu ukataka nyumba ya Sifael, usiulize Sifael peke yake, maana kina Sifael huku ni wengi kama migomba. Uliza Sifael wa besi. Siku hizi ukisema Sifael wa vyura utaelekezwa haraka zaidi, hata watoto watakusindikiza wakikoroma, lakini akikusikia yeye ataingia ndani na hatatoka.

Mimi ndiye mtu wa kukusimulia habari zake. Nauza viatu vya mtumba soko la Pasua, na kama umewahi kununua raba Moshi ikakaa mwaka mzima bila kufunguka kisigino, basi ulinunua kwangu. Shule niliacha darasa la sita, walimu wakapumua. Lakini kwa kusimulia, kuanzia Himo mpaka Tarakea hanipiti mtu, na anayebisha aje na stuli yake. Jumamosi nikifunga meza napanda nyumbani Marangu, ambako kihamba changu, shamba la urithi, na cha Sifael vimepakana. Tumeoga pamoja kwenye mfongo tukiwa watoto. Mfongo ni ule mfereji waliouchimba mababu kutoka msituni, unashuka unazunguka kwenye migomba na kahawa za watu mpaka kule chini kwenye joto.

Sifael alikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyoitwa. Alibeba mahema ya wageni miaka na miaka mpaka goti likamwambia basi, sasa nibebe na mimi. Akarudi kwenye kahawa yake na ng'ombe wake wawili. Sura Mungu alimpa ya kawaida tu, nami namwambia hivyo kila siku. Alichopewa kwa wingi ni sauti. Anaweza kuiga lori la kahawa likipanda na gia ya kwanza. Anaweza kuiga kikohozi cha mchungaji mpaka wazee wa kanisa wanakaa sawa kwenye mabenchi.

Na kwenye kwaya ya usharika yeye ndiye mtoa sauti. Mwalimu wa kwaya anainua mikono, sawa, lakini mikono haina sauti. Kabla wimbo haujaanza Sifael anainamisha kichwa, anaguna puani, halafu anawapigia kila kundi sauti yao: soprano hii, alto hii, tena hii, besi nifuateni. Amefanya hivyo tangu ana nywele. Asipokuwepo, wimbo unaanzia dohani na akina mama wanauokota njiani.

Hata ndoa yake anasema ni kazi ya besi. "Yuditha hakuniona," huwa anasema. "Alinisikia."

Mkewe anajibu bila kugeuka, "Nilikuwa nimekaa nyuma ya nguzo. Ningekuona ningebadilisha benchi."

Sasa mwaka jana, mvua za masika zilipoanza, akaja binti mmoja anaitwa Violet, mtoto wa Kibosho, anasoma chuo kikuu, na anachosoma ni vyura. Alipita kwa kila mwenye kihamba akiomba ruhusa ya kutembea kwenye mfongo jioni. Alipofika kwa Sifael mimi nilikuwa hapo na bakuli la mtori mkononi, nikamuuliza, "Mwanangu, umesoma mpaka wanyama wenye mkia wakaisha?"

"Wameshachukuliwa na wanaume, baba," akasema, akakaa, Yuditha akamletea bakuli lake na kijiko. Nikampenda papo hapo.

Akatueleza, na alieleza vizuri hata mimi wa darasa la sita nikashika. Kwenye mfongo wetu kuna vyura wa aina mbili waliofanana kama mtu na binamu yake. Mmoja ni wa juu, karibu na msitu kwenye baridi. Anaita kwa haraka, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mwingine ni wa chini, anavuta sauti, kama mlango wa banda unaolia. Zamani walikuwa ukoo mmoja, wakatengana. Lakini mfongo unabeba viluwiluwi kutoka juu na kuwashusha, kwa hiyo hapa katikati, kwetu sisi, wanakutana.

"Wakikutana wanaoana?" akauliza Yuditha.

"Ndicho ninachotafuta, mama. Jike gizani haoni sura. Anasikiliza. Dume anaita, jike anafuata sauti anayoijua. Kama masikio yake hayachagui sana, atamfuata wa aina nyingine, watazaa, na vinasaba vya juu vitaingia kwa wa chini. Vinasaba ni kile unachorithi kwa mzazi, kama pua. Lakini kama kila jike anataka sauti ya kwao tu, watakunywa maji ya mfongo mmoja miaka yote na damu isichanganyike."

"Kama Wachagga wa zamani," nikasema. "Wa Rombo akiongea, wa Machame anauliza huyu anaumwa wapi."

Sifael hakucheka. Alikuwa ameshainamisha kichwa. Akaguna, akatoa ya juu, akatoa ya chini, sawasawa kabisa, na kuku wa Yuditha wakasimama. Violet akaweka kijiko chini. Siku hiyohiyo akampa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jioni, giza likianza kuingia, Sifael anachukua mashine ya kurekodi anakwenda sehemu ya mfongo aliyopangiwa. Siku moja juu, siku moja katikati, siku moja chini. Anaiweka ukingoni, anawasha, anakaa mpaka muda uishe, anarudi. Sharti lilikuwa moja. "Baba, wewe kaa kimya tu. Mashine inasikia kila kitu."

Akatamba huyo. Nisikufiche, mimi natamba, lakini kwa sababu ninavyo vya kutambia. Sifael alitembea Marangu Mtoni na ile mashine shingoni kama mkufu wa askofu. Akawaambia watu kwamba chuo kikuu chote kinasubiri masikio yake. Akamwambia Hilda, yule mama wa alto anayeuza ndizi sokoni, kwamba bila yeye sayansi ingelala njaa.

Juu, vyura waliita. Chini, waliita. Katikati, akifika tu, kimya. Labda ni watu wanaochota maji, labda ng'ombe, labda ni lile goti lake linavyolia akichuchumaa. Jioni ya kwanza kimya. Ya pili hivyohivyo. Akaona atarudisha mashine tupu kwa yule binti, yeye ambaye ameshatangaza mpaka sokoni.

Ndipo akafanya jambo ambalo ni mtu wa kwaya yetu tu angelifanya, na alilifanya kwa moyo safi, nasisitiza hapo. Akaona hawa wamekosa mtu wa kuwapa sauti. Akainama juu ya maji, akaguna, akawapigia. Na kwa kuwa hapo ni katikati, hakutaka kupendelea upande. Akachukua haraka kidogo ya juu na mvuto kidogo wa chini, akaweka sauti ya katikati, kama anavyofanya wimbo ukiwa juu mno kwa akina mama. Anasema waliitika. Wawili watatu waliitika. Basi kila jioni ya katikati akawa anawaanzishia, na hakumwambia mtu. Kwake ilikuwa kama kufagia kanisa kabla ya ibada. Nani anatangaza kwamba amefagia?

Miezi ikapita. Violet akakusanya rekodi zake, akazipeleka chuoni, akarudi na sanduku la vipaza sauti na beseni kubwa, akajifungia kwenye nyumba aliyopanga. Siku moja Jumamosi alasiri akaja kwa Sifael anakimbia kama mtu aliyefaulu mtihani. Mimi nipo, maana Yuditha alikuwa amepika.

"Baba Sifael, shikamoo. Kaeni, wote kaeni. Nataka muwe wa kwanza kusikia."

Akafungua kompyuta yake juu ya stuli. Akapiga sauti ya juu: pikipiki. Akapiga sauti ya chini: mlango wa banda. "Na hii," akasema, "hii tuliipata katikati tu. Haipo juu, haipo chini. Hakuna aliyewahi kuirekodi."

Akaipiga.

Mimi nimeimba sauti ya tena, nyuma ya shingo ya Sifael, tangu tuko vijana. Nikisikia pumzi yake kwenye umati wa Pasaka nitaijua. Nikamwangalia. Alikuwa anaangalia miguu yake. Yuditha alikuwa amesimama na bakuli mkononi, mchuzi unamwagika kwenye kanga, naye hajui.

"Ni mtoto wa mchanganyiko," Violet anaendelea, macho yanang'aa. "Baba wa juu, mama wa chini, au kinyume chake. Sauti yake iko katikati kabisa. Kwa hiyo wanaoana! Lakini sikilizeni sasa. Niliweka majike kwenye beseni, kipaza sauti huku na huku. Nikipiga ya juu, majike wa juu wanakwenda. Nikipiga ya chini, wa chini wanakwenda. Nikipiga hii ya katikati, hakuna."

"Hakuna?" Sifael akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo.

"Hata mmoja, baba."

"Majike wote?"

"Wote. Wengine waligeuza mgongo." Akafunga kompyuta taratibu, kama anafunika mtoto. "Inasikitisha, lakini ndiyo ugunduzi wenyewe. Mchanganyiko anazaliwa, lakini anaita na hapati mke. Damu inaishia kwake. Ndiyo maana aina hizi mbili zimebaki mbili. Profesa wangu anakuja Jumamosi ijayo. Nitaeleza mbele yake, kwenye ukumbi wa usharika, na nimewaalika wote walionipa ruhusa ya kupita kwenye vihamba vyao."

Alipoondoka, mimi, kwa kuwa Mungu hakuniumbia breki, nikasema, "Mangi, pole. Kukataliwa na mwanamke ni kawaida. Lakini na chura?"

"Wewe nyamaza," Yuditha akaniambia. Akamgeukia mumewe. "Baba, yule mtoto utamwacha asimame mbele ya mwalimu wake na guno lako?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia."

Na alikwenda. Jumatatu asubuhi alivaa koti, akaenda mpaka kwa Violet. Akamkuta anapiga pasi gauni atakalovaa Jumamosi, siku tano kabla. Akamkaribisha chai. Akamwambia, "Baba, jina lako nimeliandika mwanzoni kabisa, kwenye shukrani. Nimeandika kwamba bila uvumilivu wako nisingepata kitu." Sifael akanywa chai. Akasema asante. Akarudi nyumbani. Nilipompigia simu kutoka Pasua kuuliza kama amesema, alijibu kwamba chai ilikuwa na tangawizi nyingi.

Jumatano alikwenda tena, akaishia kwenye geti. Ijumaa hakutoka kitandani, akasema goti.

Unajua aibu ya kweli ilivyo? Si ile ya kuanguka na ndoo barabarani, ile ni ya kucheka jioni. Ni hii ya kukaa na jambo ambalo kila siku usipolisema linanenepa, na anayelilisha ni wewe. Sifael alikonda wiki ile. Mimi nilikuwa nimeandaa utani wa kumaliza mwezi, ukanikaukia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kwaya nzima ilikuwepo kwa sababu kulikuwa na soda. Profesa alikuwa mzee mpole mwenye miwani, amekaa mbele na miguu pamoja kama mgeni wa heshima. Violet kwenye gauni lake, shingo imenyooka. Alieleza kama alivyotueleza kwenye mtori, na watu walishangaa kwamba vitu hivyo vinatokea kwenye mfongo ambao wao wanaulaumu tu kwa kuziba. Akapiga ya juu, watu wakacheka kwa kuitambua. Akapiga ya chini, wakacheka. Akasema, "Na sasa, chura wa katikati, ambaye anaita na haitikiwi." Akaipiga.

Sifael akasimama.

Yuditha alimshika koti, lakini alikuwa ameshasimama. "Samahani," akasema. "Samahani, mwanangu. Huyo si chura. Huyo ni mimi."

Hilda akapasua kicheko nyuma kule. "Jamani Sifael! Hata chura unataka uwe wewe?"

Ukumbi ukalipuka. Wazee wanapiga mapaja. "Kaa chini, meku, mzee wetu," mmoja akasema. "Kwanza ulikuwa chuo kikuu, sasa umekuwa ugunduzi pia." Walidhani anatamba. Na wangedhani nini? Huyu ndiye mtu aliyesema simba mmoja kule mlimani alimsikia akikoroma akahama. Amejisifu maisha yake yote na watu wamecheka. Siku aliyokuja kujishtaki, wakacheka kwa kicheko kilekile. Hata Violet alitabasamu, akainua mkono kuomba watulie, kama unavyofanya mzee wa nyumbani akikuharibia kidogo shughuli yako.

"Ni mimi kweli," Sifael akasema. "Walikuwa hawaiti. Nikawapa sauti."

"Kaa, baba, tafadhali," Violet akasema.

Profesa ndiye aliyegeuka. Hakucheka. Akasema kwa upole sana, na ule upole ndio uliokuwa mbaya, "Mzee wangu, unaweza kutuonesha?"

Sifael akaangalia mlango. Ulikuwa mbali, na katikati kulikuwa na watu wote anaowajua duniani. Akavua kofia. Akainamisha kichwa kama Jumapili. Akaguna. Kisha akaita, mzee mzima ndani ya koti la harusi ya mwanawe, akaita kama chura mbele ya usharika, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Ilikuwa ileile, mpaka pumzi ya mwishoni.

Watu walianza kucheka, maana ilikuwa safi mno. Kisha mmoja mmoja wakamwona Violet, na kicheko kikafa mstari kwa mstari kuanzia mbele kwenda nyuma. Hakulia. Alikuwa anaangalia kompyuta, kidole bado kiko juu ya kile kitufe. Akauliza, "Jioni zipi, baba?"

"Zile za katikati."

"Zote?"

"Isipokuwa mbili za mwanzo."

Akaifunga. Akawageukia watu, akawashukuru kwa kuja, akasema soda ziko nje. Sauti yake ilikuwa sawa kabisa. Profesa alipomgusa bega aliondoa bega.

Rekodi zote za katikati zilitupwa. Wale majike wa kwenye beseni walipewa kuchagua chura ambaye hayupo, kwa hiyo na majibu yao yakatupwa. Violet alikuwa amebakiza kuandika tu amalize, sasa ilibidi asubiri masika nyingine aanze upya.

Kesho yake Yuditha alikata jani la sale. Kwetu, ukimkosea mtu ukamfuata na jani la sale, hawezi kulikataa. Hata kama mmetoleana damu, akiliona ni lazima akusamehe. Sifael akalipeleka, mimi nikiwa nyuma yake kama shahidi. Violet ni Mchagga, alijua. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Nimekusamehe, baba," akaliweka mezani.

Njiani kurudi Sifael akaniambia, "Angelikuwa Mzungu angenitukana."

"Hilo nalo unalilia?"

"Hakuwa na njia nyingine. Nimemfuata na jani ambalo halikataliki. Nimemkamata mara ya pili."

Mimi, ambaye maneno yangu yanauza viatu vya miguu ya kushoto, nilimsindikiza tu mpaka mlangoni kwake.

Aliacha kutoa sauti kwenye kwaya. Anakaa benchi la mwisho na wageni, anaimba mdomo umefungwa nusu. Wimbo sasa unaanzishwa na Hilda, na sitasema zaidi kwa sababu bado nanunua ndizi kwake. Vijana wa bodaboda stendi wakimwona wanakoroma kama chura. Zamani angewajibu mpaka wakimbie wenyewe. Sasa anapita tu, ananyoosha koti.

Mwaka huu masika zilipoanza, Violet alirudi. Hakufika kumwomba Sifael amsaidie. Alifika kumwomba Yuditha. Yuditha anaweza kukaa ukingoni na kitambaa chake cha kufuma mpaka vyura wenyewe wanasahau yuko hapo. Ananiambia katikati wanaita, ila huanza baadaye sana, watu wakishaacha kuchota maji. Wa juu anaita, wa chini anaita, ubavu kwa ubavu, kila mmoja na yake. Ya tatu hajaisikia. Lakini Violet amemwambia kwamba kwenye beseni jike mmoja wa chini alimfuata wa juu. Na baada ya siku kadhaa, mwingine. Wachache, amesema, lakini damu haihitaji njia pana.

"Umemwambia mumeo?" nikamuuliza.

"Nimemwambia. Akauliza kama Violet anakula vizuri."

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa naye nje, tunamenya ndizi, yeye hasemi na mimi nasema kwa wawili. Violet akaja kumchukua Yuditha, mashine imening'inia shingoni. Angepita mbali angeweza. Lakini amelelewa, na mtoto aliyelelewa hampiti mzee kimya. Akasimama mbele yake, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, baba."

Sifael akajibu, marahaba, lakini aliijibu chini sana, kwenye maganda ya ndizi, hata mimi niliyekuwa pembeni niliona midomo tu. Violet akasubiri. Akadhani mzee hakusikia. Akasogea karibu, akainama zaidi, akamwamkia tena.